Stockholm bila kufilisika: pa kula, pa kulala na pa kununua, hatua kwa hatua

Mgeni akitua Stockholm siku mbili za kwanza hela inamtoka kama maji, siku ya tatu ndo anashtuka kwamba jirani yake wa chumba cha pili anakula vizuri kuliko yeye kwa nusu ya bei. Siri ni kwamba huu mji bei zake zinaenda kwa saa na kwa kituo cha treni. Sahani ya samaki inayouzwa kronor 140 mchana, usiku kwenye meza ileile unaweza kuikuta 250 na zaidi. Kitanda cha karibu na stesheni kuu na kitanda cha vituo sita mbele havina bei moja, na koti la baridi la dukani na koti kama hilo la mitumba ndo kabisa hayafanani bei. Ukishika hilo, mengine yote yanakuja yenyewe. Nawaandikia hasa ndugu zangu mnaotoka Dar, Nairobi, Mombasa, Zanzibar huko, mnakuja kwenye mkutano, kozi fupi au kumsalimia dada aliyeolewa huku.

Hatua ya 1: weka sawa mambo ya hela kabla hujapanda ndege

Sweden ipo Umoja wa Ulaya lakini yuro haitumiki, wana krona yao. Kichwani piga hesabu rahisi, kronor 10 ni kama dola 1 ya Marekani, inapanda inashuka kidogo ila inakutosha ukiwa umesimama mbele ya menyu.

Kubwa zaidi ni kwamba keshi huku imebaki jina. Utaona mlangoni wameandika "kontantfritt", hapo hata uwe na noti mpya kabisa hawazipokei, na mabasi ya mjini hayapokei keshi kabisa. Kwa hiyo njoo na kadi ya Visa au Mastercard ambayo umehakikisha benki wameifungulia matumizi ya nje, na kama unaweza beba mbili za benki tofauti, maana kadi moja ikigoma Jumamosi jioni hutakuwa na wa kumpigia. Wenyeji wanalipana kwa Swish kwenye simu, inafanana na M-Pesa, lakini inataka akaunti ya benki ya Sweden kwa hiyo mgeni isahau. Halafu kama kuna shangazi aliyekaa huku miaka ya 90 akakupa noti zake za zamani ukatumie, mwambie asante lakini usizipangie bajeti, zile noti zilishaondolewa kwenye matumizi na dukani hazipiti.

Hatua ya 2: toka Arlanda kwa njia ya bei nafuu

Uwanja wa Arlanda upo kama kilomita 40 kaskazini mwa mji. Ukitoka tu utaona mabango ya njano ya Arlanda Express, treni nzuri sana, dakika 18 upo stesheni kuu, lakini tiketi ya mtu mzima inazidi kronor 300. Kama una haraka ya mkutano panda. Kama huna, kuna basi la Flygbussarna la kama dakika 45, bei ya katikati.

Njia ya wenye subira ni hii: panda basi namba 583 la SL mpaka Märsta, pale shuka chukua pendeltåg, treni ya SL ya vitongoji, mpaka stesheni ya Stockholm City. SL ndo kampuni ya usafiri wa mji mzima, na tiketi yao moja ya kawaida, kama kronor 43, inadumu dakika 75 na inakufikisha. Inachukua saa nzima na kidogo. Angalia kitu kimoja: kuna pendeltåg nyingine inayoanzia chini ya uwanja wenyewe, stesheni inaitwa Arlanda C, hiyo ukiipanda unatozwa nyongeza ya zaidi ya kronor 100 kwa sababu ya kupita kile kituo. Treni za SL zinafanana, nyongeza tu ndo tofauti, ndo maana wenyeji wanazungukia Märsta.

Mjini huna haja ya kadi maalum, unagusisha kadi yako ya benki kwenye mashine getini na geti linafunguka, kwenye basi unagusisha pale kwa dereva. Kadi moja mtu mmoja, mkiwa wawili kila mtu na yake. Ukikaa siku nne au zaidi nunua tiketi ya siku saba, inaingia treni za chini, mabasi, tramu, pendeltåg na hata boti ya kwenda kisiwa cha Djurgården kutoka Slussen, hiyo boti ni matembezi ya maji ambayo watalii wengine wanayalipia bei mbaya kwenye meli za utalii.

Hatua ya 3: chagua kitanda kwa kuangalia ramani ya treni

Usitafute hoteli kwa nyota, tafuta kwa kituo. Treni ya chini, tunnelbana, ina rangi tatu, kijani, nyekundu na bluu, na zote zinakutana T-Centralen. Hoteli yoyote iliyo dakika tano kwa mguu kutoka kituo cha rangi yoyote ni kama ipo mjini, kwa hiyo Liljeholmen, Sundbyberg, Solna au Kista unalala kwa bei ya chini kuliko Norrmalm, katikati ya mji, na hupotezi kitu. Ijumaa na Jumamosi treni zinatembea usiku kucha.

Mimi nikiulizwa eneo moja tu nasema Södermalm, upande wa Medborgarplatsen au Skanstull au Mariatorget. Pana chakula cha kila aina, maduka ya mitumba yamejaa, na kwa ndugu zangu Waislamu msikiti mkuu wa Stockholm upo palepale Medborgarplatsen, jengo lilikuwa kituo cha umeme cha mwanzoni mwa karne ya 20, likafunguliwa kama msikiti mwaka 2000. Ijumaa unatembea kwa miguu tu. Gamla Stan, mji wa kale, ni pazuri sana kutembea lakini kulala pale unalipia sura ya mtaa, na masanduku kuyakokota kwenye mawe yale ni mateso.

Kwenye hosteli kuna mbili zina historia yake. Moja ni meli nyeupe yenye milingoti, af Chapman, imejengwa 1888 na tangu 1949 ni hosteli, imefungwa kwenye kisiwa cha Skeppsholmen ukiangalia ikulu ng'ambo ya maji. Nyingine ni Långholmen, lilikuwa gereza mpaka 1975, sasa unalala kwenye selo zilizotengenezwa vizuri. Za kawaida za katikati ya mji zipo City Backpackers na Generator. Hosteli nyingi shuka na taulo unalipia pembeni, kwa hiyo ukibeba shuka lako na taulo umeshaokoa hela ya chakula cha mchana.

Kabla hujabonyeza kulipa soma mambo haya. Je chumba kina dirisha? Hoteli za bei nafuu Stockholm nyingi zina vyumba visivyo na dirisha kabisa na wanaandika kwa maandishi madogo, wengine hawajali ila kama wewe ni mtu wa kukosa pumzi utateseka. Je chai ya asubuhi imo? Hoteli kama Scandic kifungua kinywa kimo kwenye bei na ni bufee ya nguvu, mayai, samaki, jibini, mikate, uji wa shayiri, matunda, ukila vizuri saa 3 unafika mchana bila njaa, kwa hiyo usilinganishe bei ya hoteli yenye bufee na isiyo nayo. Na je, ni siku gani? Huu ni mji wa wafanyabiashara, katikati ya wiki vyumba vinapanda na wikiendi mara nyingi vinashuka, Julai nayo hoteli nyingi zinapunguza maana watu wa mikutano wote wako likizo. Ukija kiangazi beba kitambaa cha kufunika macho, mwezi wa sita jua linazama saa 4 usiku na alfajiri saa 9 na nusu limerudi, mapazia mengine hayazuii kitu.

Wale mnaofikia kwa ndugu, viatu vinaachwa mlangoni, hilo halina mjadala. Na kufua kuna chumba cha pamoja chini ya jengo, tvättstuga, kila nyumba inaandikisha saa yake. Usiingize nguo zako kwenye saa ya mtu mwingine hata kama mashine zinaonekana zipo wazi, na ukimaliza safisha chujio na ufagie, maana wewe utaondoka na ndugu yako ndo atabaki na majirani.

Hatua ya 4: mlo mkubwa uwe wa mchana

Hapa ndo pa kutulia kabisa. Jumatatu mpaka Ijumaa, kuanzia kama saa 5 asubuhi mpaka saa 8 mchana, migahawa karibu yote inaweka bango la "dagens lunch" au "dagens rätt", chakula cha siku. Ni kama kronor 130 hadi 160, na ndani ya bei hiyo kuna sahani kuu, saladi unayojipakulia, mkate na siagi, maji na kahawa ya baada ya kula. Wafanyakazi wa maofisini wote wanakula hivyo. Ukitaka chakula cha Kiswidi chenyewe, samaki, viazi, supu, nyama ya kuchemsha na mchuzi wa cream, kula muda huu kwenye mgahawa mzuri ambao usiku usingethubutu. Alhamisi kwa desturi wanapika supu ya njegere za njano na kufuatiwa na chapati nyembamba za maziwa na jamu, lakini ile supu ina nguruwe.

Na hilo la nguruwe niliseme vizuri kwa sababu wengi hawaambiwi. Mipira ya nyama, köttbullar, ile inayojulikana dunia nzima, mara nyingi ni mchanganyiko wa ng'ombe na nguruwe, hata ya IKEA ile ya kawaida ni hivyo. Uliza kabla ya kuagiza, maneno ya nguruwe ya kutafuta kwenye menyu ni "fläsk" na "skinka". Soseji za vibandani nazo ni hivyohivyo, na zile pipi za kujipimia kwa kilo ambazo watoto wanazililia, nyingi zina jelatini ya nguruwe. Ipo mipira ya nyama ya ng'ombe, ya kuku na ya mboga, ni kuuliza tu na hawakasiriki kuulizwa.

Sehemu zenyewe za kwenda: shuka kituo cha Hötorget, chini ya uwanja wa wazi wa pale kuna soko la ndani, Hötorgshallen, na humo Kajsas Fisk wana supu ya samaki nzito inayokuja na mkate, foleni yake mchana inaongea yenyewe. Juu uwanjani wauza matunda na mboga wanapaza sauti kama Kariakoo, na jioni wakikaribia kufunga bei zinaporomoka, unapata boksi zima la matunda kwa hela kidogo. Karibu na Slussen kuna kibanda cha Nystekt Strömming, samaki wadogo wa Baltiki wa kukaanga juu ya mkate mkavu au viazi vya kuponda na kitunguu, mtu aliyekulia dagaa na vibua ataelewa haraka. Östermalms Saluhall ni soko la 1888, limefunguliwa tena 2020 baada ya ukarabati, uzuri wake usiukose lakini bei ni ya wenye nazo, mimi nashauri ukaangalie tu, ukale kipande kimoja cha samaki uondoke. Masoko haya ya ndani Jumapili usiyategemee.

Ukichoka viazi, na utachoka, panda treni ya bluu ya kwenda Hjulsta ushuke Rinkeby, ni kama robo saa na kidogo kutoka T-Centralen. Wasomali ni wengi eneo lile, kwa hiyo kuna wali wa viungo na nyama ya mbuzi na ndizi pembeni, sambusa, chapati, chai ya maziwa yenye iliki, halali, na sahani inashibisha mtu wa kazi nzito. Watakutisha kuhusu mitaa hii, na ni kweli magazeti yanaiandika kwa mabaya, ila mchana watu wanafanya soko lao na kulea watoto kama kawaida, nenda ule. Migahawa ya Waeritrea na Waethiopia ya injera ipo mjini pia. Na falafel na kebabu zipo kila kona ya Stockholm, falafel ndo mlo wa bei ya chini kuliko yote ukiwa unatembea.

Saa ya kahawa na kitafunwa, fika, ifanye mara moja kwa siku kwa heshima zote. Vete-Katten ya Kungsgatan ipo tangu 1928, ingia uchukue mkate wa iliki, kardemummabulle, kwa mtu wa pwani huu unagusa kuliko ule wa mdalasini kwa sababu ni harufu ya maandazi ya nyumbani kabisa. Ukija kati ya Januari na Machi ulizia semla, andazi lenye cream na lozi.

Maji usinunue popote, ya bomba ni mazuri na mgahawani wanaleta bure ukiomba. Bakshishi sio lazima, mashine ya kadi ikikuuliza kuongeza bonyeza tu kiasi kilekile cha bili. Vyoo vya nje vingine ni vya kulipia, kwa hiyo nenda kabla hujatoka mgahawani.

Hatua ya 5: jioni kula kutoka supamaketi

Ukishakula vizuri mchana, jioni inatosha mkate, samaki wa kopo, mtindi, matunda. Willys na Lidl ndo bei za chini, ICA na Coop za katikati ya mji zipo juu, hasa zile ndogo za kituoni. Chini ya kila bei kuna maandishi madogo yanaonyesha bei kwa kilo, angalia hiyo maana pakiti kubwa sio kila mara ndo nafuu. Punguzo lingine ni la wenye kadi ya uanachama tu, usishangae bei ya kaunta ikitoka tofauti. Kopo na chupa za plastiki za soda unalipia dhamana inaitwa pant, usizitupe, zirudishe kwenye mashine mlangoni mwa supamaketi upate risiti ya kukatia manunuzi.

Unga wa ugali, mihogo, ndizi za kupika, bamia, viungo, nyama halali, tafuta Rinkeby au Skärholmen. Skärholmen ni treni nyekundu ya kwenda Norsborg, uwanjani kuna soko la mboga na matunda la bei nzuri sana, na hapo unaweza kuongea na muuzaji akapunguza, maduka mengine yote ya mji bei ni bei.

Bia ya nguvu, mvinyo na vikali vya kubeba vinauzwa Systembolaget, duka la serikali, umri miaka 20, Jumamosi mengi yanafunga saa 9 mchana na Jumapili hayafunguki.

Hatua ya 6: nunua mitumba kwenye chimbuko lake

Kama umekuja kati ya Novemba na Machi, usinunue koti la baridi Dar au Nairobi na usikimbilie duka la kwanza la mtaa wa Drottninggatan. Vaa sweta mbili utue, kesho yake asubuhi nenda mitumba. Huku mitumba haina aibu, wanavaa mawaziri na wanafunzi. Myrorna ni ya Jeshi la Wokovu na ina matawi mengi, kuna Stadsmissionen, kuna Emmaus, mengi yapo Södermalm kwenye Götgatan na mitaa ya karibu. Nguo zimepangwa kwa saizi, ni safi, na koti la sufu au la manyoya ya bata la kampuni nzuri unalipata kwa sehemu ndogo ya bei ya dukani. Viatu angalia soli iwe na meno, barafu ya Januari haina adabu. Kitu pekee cha kununua kipya ni nguo ya ndani ya kubana mwili, ya sufu kama bajeti inaruhusu, na soksi za sufu. Jumapili pale Hötorget wauza matunda wanapisha mnada wa vitu vya zamani, vyombo, vitabu, saa, taa, hapo bei inaongeleka.

Kwa vipya, mabango ya kutafuta yameandikwa "REA", punguzo kubwa linaanza baada ya Krismasi na lingine mwishoni mwa Juni. Drottninggatan na Hamngatan ndo mitaa ya maduka, duka kubwa la NK la Hamngatan lipo hapo tangu 1915, nenda Desemba uangalie madirisha yake ya mbele yalivyopambwa, kuangalia ni bure. Mkiwa familia na mvua inanyesha, Mall of Scandinavia ya Solna mnashuka pendeltåg mlangoni kabisa. IKEA ya Kungens Kurva, iliyofunguliwa 1965, ipo kwa mguu kutoka Skärholmen, kwa hiyo unganisha siku moja, soko la mboga asubuhi na IKEA mchana.

Zawadi za nyumbani zisitoke mtaa wa Västerlånggatan wa Gamla Stan, vitu vilevile vina bei ya mtalii. Chokoleti ya Marabou, mikate mikavu, kisu cha kuparua jibini, vyote vipo supamaketi. Farasi mwekundu wa mbao, dalahäst, ukitaka wa kweli geuza tumbo lake, awe ametengenezwa Nusnäs mkoani Dalarna, wa kuiga wamejaa.

Hatua ya 7: angalia kalenda

Wikiendi ya Midsommar, Ijumaa ya kati ya tarehe 19 na 25 Juni, mji unahama wote kwenda mashambani na maduka na migahawa mingi inafunga, nunua chakula Alhamisi. Julai migahawa midogo nayo inafunga wiki kadhaa, hizo bei za dagens lunch zinapungua kuonekana. Desemba giza linaingia kabla ya saa 9 alasiri, panga kutembea asubuhi na maduka jioni.

Hatua ya 8: siku ya kuondoka rudisha kodi yako

Bidhaa nyingi zina kodi ya asilimia 25 ndani ya bei, na wewe unayeishi nje ya Umoja wa Ulaya una haki ya kurudishiwa sehemu yake ukinunua kuanzia kronor 200 duka moja lenye huduma ya tax free. Omba fomu palepale kaunta, uwe na pasipoti. Ukiwa unarudi kupitia Addis, Istanbul au Doha shughuli yake unaimalizia Arlanda, na unaenda dirisha la tax free kabla ya kukabidhi begi, kwa sababu wanaweza kutaka kuviona vitu vyenyewe na havijatumika. Fika saa moja mapema kuliko ulivyozoea, foleni ya kiangazi ni ndefu, na weka vile vitu juu kabisa ya begi usije ukaanza kupekua nguo mbele za watu.